Matone ya macho kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukishaambiwa kliniki kwamba utapasuliwa mtoto wa jicho, unarudi nyumbani na kadi, tarehe, na mara nyingine kimfuko chenye chupa moja, mbili au tatu. Maswali huanzia njiani. Yaliyo hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi kwenye mabenchi ya kliniki za macho, na mengine huulizwa na watoto au wajukuu wanaomhudumia mgonjwa. Pale maelezo ya hapa yanapotofautiana na yale uliyopewa na kituo chako, fuata ya kituo: wao wameliona jicho lako.

## Mambo ya msingi

1. Nikitia matone haya kwa bidii, mtoto wa jicho ataisha nisipasuliwe?

Hapana. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho lako mwenyewe iliyopoteza ung'avu. Protini zake zimeharibika na kushikamana, mwanga haupenyi tena sawasawa, ndiyo maana unaona ukungu. Hakuna tone wala kidonge kinachorudisha ung'avu huo. Tiba ni kuiondoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia mahali pake.

Kwenye simu zetu yanapita matangazo mengi ya matone "yanayoyeyusha mtoto wa jicho". Mengi yana kitu kinachoitwa N-asetilikanosini. Mwaka 2017 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walitafuta utafiti madhubuti juu ya dawa hiyo wakakosa hata mmoja wa kuingiza kwenye uchambuzi wao. Mwaka 2015 zilivuma pia habari za lanosteroli iliyopunguza ukungu katika macho ya mbwa. Hiyo nayo haijawa dawa ya kumtibu binadamu. Bei ya chupa moja ya namna hiyo mara nyingi inatosha nauli ya kwenda kliniki na kurudi.

2. Kama hayatibu, basi ni ya nini?

Kila chupa ina kazi yake. Ukiijua kazi, huwezi kuzichanganya.

Ya kwanza ni ya kutanua mboni. Mboni ni lile tundu jeusi katikati ya jicho, na lenzi iko nyuma yake. Daktari hufanya kazi yake yote kupitia tundu hilo, kwa hiyo likiwa dogo kazi inakuwa ngumu na hatari inaongezeka. Hapa utasikia majina kama tropikamidi, saiklopentoleti na fenilefrini. Kwa kawaida hutiwa na muuguzi hospitalini siku yenyewe, si nyumbani.

Ya pili ni ya kupunguza uvimbe yasiyo na steroidi (steroidi ni dawa kali za kutuliza uvimbe): ketorolaki, diklofenaki, nepafenaki, bromfenaki. Jicho likiguswa na vifaa hutoa kemikali zinazoifanya mboni isinyae katikati ya upasuaji, na matone haya huzituliza. Hupunguza pia uwezekano wa maji kujaa katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, wiki kadhaa baadaye. Wanaopewa huanza siku moja hadi tatu kabla ya upasuaji.

Ya tatu ni antibayotiki, kama ofloksasini, moksifloksasini au kloramfeniko, ya kupunguza vijidudu vinavyoishi juu ya jicho na kwenye kope. Ya nne ni steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni. Hizi kwa wengi ni za baada ya upasuaji, ingawa madaktari wengine huzianzisha mapema kwa jicho lililowahi kuvimba ndani. Ya tano ni machozi ya bandia kwa jicho kavu, na umuhimu wake unaonekana kwenye swali la 4.

3. Jirani yangu alipasuliwa bila kutia tone hata moja nyumbani. Mbona mimi nimepewa chupa mbili?

Kwa sababu hospitali hazifanani, na macho hayafanani. Kwenye kambi za macho, ambako watu wengi wanapasuliwa kwa siku mbili au tatu, matone karibu yote hutiwa na wauguzi asubuhi ya upasuaji. Hospitali nyingine hukuanzishia nyumbani. Mwenye kisukari hupewa kitu ambacho jirani yake asiye nacho hakihitaji.

Kuhusu antibayotiki hasa, ushahidi wa kuitia nyumbani kabla ya upasuaji si mkubwa kama watu wanavyodhani. Vinavyolinda zaidi ni viwili, na vyote hufanywa na wao: dawa ya ayodini inayowekwa jichoni kabla ya kukata (swali la 13), na antibayotiki inayoingizwa ndani ya jicho upasuaji unapomalizika. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wasiowekewa sefuroksimu ndani ya jicho walikuwa na hatari ya kupata maambukizi ya ndani karibu mara tano ya waliowekewa. Hospitali za Aravind, India, nazo zililinganisha macho zaidi ya 600,000, karibu nusu yake yakiwa yamewekewa moksifloksasini kwa njia hiyo, na kwa yaliyowekewa maambukizi yakapungua sana. Kwa hiyo jirani yako hakupunjwa. Nawe, kama umepewa, tumia.

4. Siku ya kupimwa lenzi, nitie matone kabla ya kwenda?

Usitie, isipokuwa ya presha ya jicho unayotumia kila siku. Siku hiyo wanapima mkunjo wa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na urefu wa jicho ili wajue lenzi ya bandia iwe ya nguvu gani. Konea iliyotoka kutiwa tone, au iliyoguswa na kifaa cha kupimia presha, hutoa vipimo visivyotulia, na vipimo vibaya maana yake ni miwani mizito baada ya upasuaji uliofanyika vizuri kabisa. Wapimaji wazuri hupima kwanza ndipo wanatanua mboni.

Mwenye macho makavu huweza kuambiwa atie machozi ya bandia kwa wiki kadhaa, kisha arudi kupimwa. Inachosha kurudi mara mbili, lakini ina faida. Anayevaa lenzi za kubandika machoni naye aulize aziache muda gani kabla ya kipimo. Huwa ni wiki moja au zaidi kutegemea aina.

Wakishakutanua mboni siku hiyo, utaona kiwaa kwa karibu na jua litakuumiza. Tropikamidi huisha kwa saa nne hadi sita, saiklopentoleti huweza kufika siku nzima. Njoo na mtu, njoo na kofia au miwani ya jua, na usiendeshe gari wala bodaboda kurudi.

## Namna ya kutia

5. Natiaje tone mpaka liingie?

Nawa mikono kwa sabuni. Kama chupa imeandikwa itikiswe, itikise vizuri. Steroidi nyingi ni unga laini ndani ya maji unaotuama chini ya chupa, na usipoitikisa unatia maji matupu siku za kwanza na dawa kali siku za mwisho. Keti na kuinamisha kichwa nyuma, au lala chali. Vuta ukope wa chini kwa kidole mpaka ufanye kifuko, tazama juu, dondosha tone moja ndani ya kifuko hicho. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope.

Kisha fumba jicho taratibu, bila kulibana wala kupepesa, na ubonyeze kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Watu wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Kwenye kona hiyo ndipo unapoanzia mfereji wa machozi uendao puani. Ukiuziba, dawa inabaki jichoni badala ya kushuka kooni na kuingia kwenye damu. Machozi yaliyozidi yafute kwa kitambaa safi shavuni, si ndani ya jicho.

6. Tone moja tu? Mbona naona linamwagika lote?

Moja linatosha. Tone la kawaida ni kubwa kuliko nafasi iliyopo: lina kama sehemu 30 hadi 50 za elfu moja za mililita, na jicho linashika 30 hivi kwa juu kabisa. La pili linalisukuma la kwanza nje. Kama huna hakika kwamba limeingia, tia lingine. Kama ulihisi ubaridi wake jichoni, limeingia.

7. Nina chupa mbili. Naanza na ipi?

Mara nyingi mpangilio hauna uzito kama muda. Subiri dakika tano kati ya tone na tone, la sivyo la pili litaliosha la kwanza. Kama mojawapo ni marhamu, hiyo iwe ya mwisho.

Usizitambue kwa rangi ya kifuniko. Marekani wana utaratibu wa rangi, ambapo nyekundu ni ya kutanua mboni na waridi ni steroidi, lakini chupa nyingi zinazofika kwenye maduka yetu hazifuati mpango huo. Kwa mzee asiyeona maandishi, mjukuu afunge mpira mmoja wa kubania pesa kwenye chupa ya kwanza na miwili kwenye ya pili. Vidole vitasoma.

8. Mama anatetemeka mikono na anaishi peke yake. Afanyeje?

Alale chali, afumbe jicho, adondoshe tone kwenye kona ya karibu na pua, kisha alifumbue. Tone litaingia lenyewe. Pia mkono wenye chupa unaweza kuegemezwa kwenye paji la uso ili utulie. Ikishindikana, semeni mapema kliniki: wengine hulazwa usiku mmoja kabla, na dawa nyingine zina namna ya kutumika mara moja kwa siku badala ya mara nne, hivyo jirani anaweza kupita asubuhi.

9. Linachoma, na nasikia uchungu kooni. Nimedhurika?

Kuchoma kwa sekunde kadhaa ni kawaida. Uchungu kooni ni dawa iliyopita mfereji wa machozi; bonyeza kona kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5 na utapungua. Isiyo kawaida ni kope kuvimba, wekundu unaozidi kila unapotia, vipele kuzunguka jicho, au kubanwa kifua. Ukiona hayo, acha na uwasiliane na kliniki siku hiyo hiyo.

10. Nimesahau kutia jana mchana. Upasuaji utafutwa?

La. Tia ukikumbuka, isipokuwa muda wa tone linalofuata umekaribia. Usilipe deni kwa kutia mawili pamoja. Siku ya upasuaji mwambie muuguzi ukweli, kwa kuwa wanaweza kuziba pengo hapo hapo.

11. Hatuna friji. Dawa itaharibika?

Soma kiboksi. Nyingi hukaa vizuri mahali pakavu, pasipo jua, ndani ya nyumba isiyo na joto kali. Kloramfeniko hutakiwa baridi. Mwambie mfamasia kwamba huna friji akupe mbadala au akuelekeze. Pasipofaa ni dirishani, kwenye dashibodi ya gari na karibu na jiko.

Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Baada ya wiki nne itupwe hata ikiwa imebaki nusu, hata kama tarehe ya kuharibika iliyochapishwa ni ya mwakani. Tarehe ile ni ya chupa isiyofunguliwa.

## Siku ya upasuaji

12. Kwa nini muuguzi anarudi kunitia tena na tena, nami nasubiri saa nzima?

Mboni haifunguki kwa tone moja. Utaratibu wa kawaida ni kutia kila dakika 10 hadi 15, kuanzia kama saa moja kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Macho yetu meusi yana subira yake: rangi nyeusi ya melanini hushika dawa na kuiachia polepole, kwa hiyo mboni huchelewa kutanuka ukilinganisha na macho ya rangi hafifu, na ikishatanuka huchelewa kurudi.

Anayepita na tochi anaangalia kama uko tayari. Mboni ikigoma, daktari ana njia nyingine, zikiwemo dawa ya kuingizwa ndani ya jicho na vikulabu vidogo au pete ya kuishikilia. Usiifute alama ya kalamu iliyowekwa juu ya jicho, na muuguzi akikosea upande, sema kwa sauti. Kwenye benchi la watu wengi si utovu wa adabu.

13. Wanatia kitu cha kahawia. Mimi nikila kamba navimba, si nitadhurika?

Ni povidoni ayodini, kwa kawaida ya asilimia 5, na huachwa jichoni kama dakika tatu kabla ya kukata. Katika matayarisho yote, hiki ndicho ambacho nisingekubali kirukwe. Mzio wa kamba, pweza au samaki hautokani na ayodini, bali na protini za viumbe hao, hivyo haukuzuii. Hata hivyo utaje, na utaje zaidi kama umewahi kubabuka ngozi kwa dawa ya ayodini ya vidonda.

Ile chupa ya kahawia ya vidonda iliyoko nyumbani ni ya asilimia 10, na nyingine zina sabuni. Kamwe usiitie jichoni ili "kujiandaa".

14. Ganzi ya matone inatosha? Naweza kupewa chupa niende nayo nyumbani?

Inategemea aina ya upasuaji. Wa tundu dogo kwa mashine huweza kufanywa kwa ganzi ya matone pekee. Ule wa kutoa lenzi kwa mkono, unaofanyika sana kwetu, kwa kawaida huhitaji sindano ya ganzi pembeni mwa jicho. Matone ya ganzi hutangulia hapo pia.

Kwenda nayo nyumbani, hapana, hata ukiomba kwa machozi. Tetrakaini na proparakaini zikitumiwa siku baada ya siku huifanya konea ishindwe kujitibu, ikachimbika vidonda bila mwenyewe kuhisi.

15. Na wanja?

Acha siku kadhaa kabla, na usiupake tena mpaka daktari akuruhusu. Unga wa wanja hukaa kwenye mizizi ya kope na hautoki kwa kunawa mara moja. Wanja mwingine wa asili umepimwa na kukutwa na madini ya risasi. Kope za bandia nazo zitolewe. Asubuhi ya upasuaji osha uso kwa maji safi na sabuni, kope zikiwa zimefumbwa.

## Ukiwa na ugonjwa mwingine

16. Nina presha ya kupanda. Matone yanaweza kuipandisha?

Fenilefrini inaweza, hasa ya asilimia 10. Ndiyo maana hospitali nyingi hutumia ya asilimia 2.5, au huiacha kabisa kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Waambie mapema. Vidonge vyako vya presha vimeze asubuhi hiyo kama kawaida isipokuwa umeambiwa vingine, maana wengi huahirishwa kwa kuacha vidonge kuliko kwa matone.

17. Natumia matone ya presha ya jicho kila siku. Nisimamishe?

Usiyasimamishe kwa uamuzi wako. Kwa kawaida huendelea mpaka asubuhi ya upasuaji. Lakini njoo na chupa yenyewe mkononi, kwa sababu mbili. Pilokapini husinyaza mboni, kinyume kabisa na kinachotakiwa, na daktari atapanga lini iachwe. Timololi hushuka mpaka kwenye mapafu na moyo: mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole anayeitumia bila daktari kujua yuko hatarini, iwe kuna upasuaji au hakuna.

18. Kisukari kinabadilisha nini?

Mambo mawili. Mboni ya mwenye kisukari cha muda mrefu huwa ngumu kutanuka, kwa hiyo huenda ukaongezewa matone. Na retina yake hujaa maji kwa urahisi baada ya upasuaji, hivyo matone ya kundi la pili katika swali la 2 huanzishwa mapema na kuendelezwa kwa muda mrefu zaidi. Usiyaache eti jicho linaona vizuri.

19. Baba anatumia dawa ya tezi dume. Inahusianaje na jicho?

Inahusiana sana, na ndilo jambo ambalo wazee wetu hulificha kwa aibu, hasa muuliza-swali akiwa binti mdogo mwenye sare. Tamsulosini hulegeza misuli ya njia ya mkojo. Misuli ya kutanua mboni ni ya jamaa hiyo hiyo, nayo hulegea. Matone ya kutanua mboni huonekana yamefanya kazi, kisha katikati ya upasuaji mboni inaanza kusinyaa na utando wake unapepea kama tanga lisilo na upepo wa kutosha. Hali hii ilielezwa na madaktari wa California mwaka 2005. Kabla ya hapo wapasuaji walikuwa wakishangaa tu.

Kuacha dawa wiki moja kabla hakuondoi hatari kwa uhakika. Athari huweza kubaki hata kwa aliyeacha zamani. Kwa hiyo asiache, atamke. Daktari anayejua hujiandaa: huweza kuanzisha matone ya atropini siku chache kabla, kuandaa fenilefrini ya ndani ya jicho, au kuweka pete tayari mezani. Kama mzee anaona haya, mwanawe wa kiume aandike jina la dawa kwenye karatasi na kuibana kwenye kadi.

20. Mgonjwa ni mtoto mdogo. Matone ni yale yale?

Majina huweza kuwa yale yale, nguvu sivyo. Saiklopentoleti kwa mtoto huwa ya kiwango cha chini, na bado inaweza kumfanya awe mwekundu usoni, asitulie au asinzie. Atropini huweza kumpandisha joto. Bonyeza kona ya jicho lake na uwape taarifa. Usimtilie chupa ya mtu mzima kamwe.

## Hali zisizo za kawaida

21. Kesho ni upasuaji, leo jicho limeamka na tongotongo.

Piga simu kabla ya kusafiri. Jicho lenye usaha halipasuliwi, kwani vijidudu vya nje vikiingia ndani vinaweza kulipofusha kabisa. Wataliona, watatibu, watapanga tarehe nyingine. Usijaribu kuficha kwa kutia antibayotiki kila saa usiku kucha.

Jaribu pia kubonyeza kona ya jicho karibu na pua. Kama majimaji mazito yanatoka, mfereji wa machozi una maambukizi, na hilo hushughulikiwa kwanza.

22. Nilitanuliwa mboni asubuhi. Usiku jicho linauma vibaya, naona duara za rangi kuzunguka taa, natapika.

Rudi hospitali usiku huo huo. Kwa watu wachache wenye nafasi finyu ndani ya jicho, kutanuka kwa mboni huziba njia ya maji ya jicho na presha ikapanda ghafla. Lenzi iliyovimba kwa mtoto wa jicho huifinya nafasi hiyo zaidi. Kutapika huwapoteza wengi wakaenda kutibiwa tumbo. Hakikisha umetaja jicho kwanza.

23. Nimefunga Ramadhani. Tone litanifungulia?

Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani yetu na visiwani, jicho halihesabiwi kuwa njia ya wazi ya kufika ndani, hivyo tone halibatilishi saumu hata ukihisi ladha yake kooni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah cha 1997, nalo liliyaweka matone ya macho kati ya yasiyofunguza, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Malik na Hanbali wana masharti makali zaidi kuhusu kinachofika kooni, kwa hiyo muulize shehe wako.

Anayetaka kuwa mbali na shaka abonyeze kona ya jicho. Matone ya mara mbili kwa siku yanaweza kuhamia futari na daku kwa idhini ya kliniki. Ya mara nne hayawezi kurundikwa usiku.

24. Tulikuwa tunamtia bibi dawa ya majani. Tuseme?

Semeni, bila kuogopa kufokewa. Maji ya majani, utomvu, asali, maziwa ya mama na mkojo huacha vijidudu na vidonda kwenye konea, na daktari anahitaji kuikagua kabla ya kupanga chochote. Ziacheni tangu leo.

Semeni pia kuhusu chupa ya dukani. Steroidi hununuliwa kirahisi kwa ajili ya "kuwashwa", huleta nafuu ya haraka, na huku nyuma huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya. Zikitumika muda mrefu, zenyewe husababisha mtoto wa jicho. Wapo wanaopasuliwa leo kwa sababu ya chupa ya namna hiyo.

25. Nimekosea jicho, au nimekosea chupa.

Tone la kutanua mboni kwenye jicho lisilohusika litakupa kiwaa kwa saa kadhaa. Mjulishe muuguzi, basi. Matone ya sikio ni jambo jingine: mengine ni makali na huchoma konea. Osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali na chupa hiyo. Gundi kali, ambayo kichupa chake kinafanana mno na cha dawa, huwabandika watu kope kila mara. Osha vivyo hivyo, usizivute kope kwa nguvu, uende.

26. Upasuaji umeahirishwa. Chupa zilizobaki nifanye nini?

Ya presha ya jicho iendelee. Antibayotiki, steroidi na ya kupunguza uvimbe ulizopewa kwa ajili ya tarehe ile, piga simu uulize. Mara nyingi utaambiwa usimame na uanze upya tarehe mpya ikikaribia. Chupa iliyofunguliwa usiitunze kwa miezi, na usimgawie mwenzio anayepasuliwa wiki ijayo. Isiyofunguliwa rudi nayo kliniki siku ya upasuaji, kiboksi chake kikiwemo.